Wankyo na Makopo Yaliyovuliwa Nguo

Haya nitakayoyaandika hapa hamtayaamini, wala siwalaumu. Mtu aliyezaliwa juzi akakuta duka kila kona, utamwambia nini akuelewe kwamba huku kwetu, kati ya Bunda na Butiama, aliwahi kuwepo mwanamke anayeweka kopo la bati sikioni, akalitikisa mara mbili, akakuambia humu kuna nanasi, humu njegere, na hili kalizikeni kabla halijazika mtu? Atasema umeshiba pombe ya mtama. Basi na aseme. Mwandishi wenu amefika darasa la nne, tena la nne la wakati wa Mwingereza, ambalo ukiliweka kwenye mizani leo linaangusha digrii mbili, na uongo naujua nikiuona. Huu si uongo.

Mwanamke huyo ni Wankyo, mke wa marehemu kaka yangu. Wakati wa mambo haya, mwaka wa sabini na tano, alikuwa mpishi katika kituo cha mafunzo ya wakulima wa pamba, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mugeta. Kituo kilikuwa na jina refu kwenye kibao, ila hakuna aliyekuwa na pumzi ya kulimaliza. Sote tulikiita Senta. Wakulima walikuja arobaini arobaini, wakakaa majuma mawili, wakafundishwa nafasi ya kupanda na namna ya kupiga dawa, kisha wakarudi kwao wakaendelea kupanda kama walivyofundishwa na baba zao. Lakini chakula cha Senta walikisimulia hadi ng'ambo ya mto. Hilo ndilo somo lililowaingia.

Wankyo hakuzaliwa pale. Mji wake ulikuwa upande wa Butiama, kwenye yale mawe makubwa yaliyobebana. Mwaka wa Operesheni, watu walipoambiwa waache miji yao iliyotawanyika waje kukaa pamoja kijijini, lori lilifika na kila mtu akapakia anachokiita mali. Mmoja alipakia mlango. Mwingine alipakia bati na misumari yake. Mzee mmoja, jina nalihifadhi, alipakia jogoo akamsahau mke. Wankyo alipakia kibuyu cha mbegu: kunde, mgagani, mchicha, maboga, vyote kutoka bustani aliyoachiwa na mama mkwe wake. Watu walimcheka. Yeye alikaa juu ya lori amekipakata kibuyu kama mtoto mwenye homa, na bustani yenyewe akaiacha nyuma bila kugeuka kuitazama, maana alijua akigeuka atashuka.

Nyuma ya jiko la Senta kulikuwa na kibonde chenye chemchemi ndogo, kimejaa matete na vyura. Mkuu wa kituo wa wakati ule alimwambia, "Mama, ukikiweza ni chako." Akakiweza. Alikata matete, akachimba vijia vya maji, masista wa Nyegina wakampa mbegu za nyanya na vitunguu, na kile kibuyu akakimimina chote. Baada ya masika moja tu jiko la Senta halikununua tena jani sokoni. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alishuka bondeni, akageuza jani hili, akainua lile, akiongea nayo Kizanaki, kwa sababu kunde zake zilitoka Butiama na hazikuwa zimejifunza lugha nyingine. Nyumba aliyopewa kijijini ilikuwa ya kulala. Pale bondeni ndipo alipokuwa anaishi.

Halafu akaja Felisian.

Felisian alikuwa mkuu mpya, kijana wa miaka thelathini, kalamu tatu mfukoni, na moja tu ndiyo ilikuwa na wino. Si mtu mbaya. Alikuwa amepelekwa ng'ambo miezi sita kwenye kozi, na mtu akipelekwa ng'ambo miezi sita inamchukua miaka sita kurudi. Alifika na lori lenye vitu viwili: friji ya mafuta ya taa, na katoni sitini za makopo ya matunda na mboga, msaada kutoka nchi rafiki. Friji ile iliwashangaza wakulima kuliko makopo. Inawashwa moto chini ili ipate baridi juu! Mzee mmoja aliinama akautazama ule moto, akasimama akagusa barafu, akainama tena, kisha akaondoka bila kumuaga mtu.

Felisian alimwita Wankyo stoo, akaanza kumsomesha.

"Mama Wankyo, huko nilikotoka hakuna anayeshuka bondeni kila asubuhi kuchuma mboga. Mboga inavunwa siku moja. Nyingine inatiwa kwenye kopo, nyingine inagandishwa. Inaliwa mwaka mzima."

"Na hizo siku zingine wanafanyaga nini, Ndugu Mkuu?"

"Wanafanya kazi."

"Ahaa," akasema Wankyo. "Sisi huku kuchuma mboga ndiyo kazi yenyewe."

"Ndiyo nataka nikupunguzie. Baada ya wiki tatu, Jumamosi, wageni wa mkoa wanakuja kutukagua. Nimeshawaandikia barua. Wakikuta jiko letu linaenda kwa makopo na friji, lile bonde halina haja tena. Jumatatu yake yule mzee Kwangu wa kijijini analeta ng'ombe wake na plau. Tunaweka shamba la mfano la pamba."

"Pamba? Bondeni?"

"Udongo ni mzuri."

"Udongo ni mzuri kwa vyura," akasema Wankyo. "Pamba ikikaa mle itaota mapezi."

Felisian alicheka, lakini barua ilikuwa imekwishaondoka, na barua ya serikali ikishaondoka ni kama jiwe lililorushwa: hata aliyelirusha analikimbia. Wankyo akatoka stoo, akashuka bondeni, akakaa kwenye jiwe la kufulia. Hakulia. Alihesabu. Majuma matatu. Kunde za pili zilikuwa ndiyo kwanza zinatambaa. Mbegu mpya hazikuwa zimekomaa, na kibuyu kilikuwa kitupu. Plau ikipita Jumatatu ile, hapo ndipo bustani ya mama mkwe wake itakapokwisha duniani, ya kule na ya huku.

Msije mkadhani Wankyo aliyachukia makopo. Mtu wa jiko hachukii chakula kabla hajakionja. Kesho yake alitwaa kopo moja kutoka kila aina, akayafungua, akaonja kijiko kwa kijiko, uso mkavu kama hakimu. Nanasi likampendeza, isipokuwa lilikuwa limezamishwa kwenye maji ya sukari, tamu juu ya tamu, kama bibi harusi aliyevikwa shanga mpaka haonekani shingo. Akamwaga maji, akaliosha, nanasi likatokea. Njegere zilikuwa na chumvi ya kumfaa ng'ombe. Akaziosha mara mbili, zikawa chakula. Maharage ya maganda yalilegea kama kamba ya kiatu iliyonyeshewa. Na ile mboga nyekundu iitwayo bitiruti, alipowapelekea wakulima sahani, walitazamana wakamuuliza nani amechinjwa.

"Vinalika," akamwambia Mzee Burito. "Vingine vinalika vizuri. Lakini kutupa bustani kwa ajili ya hivi, ni kumfukuza mke kwa sababu umepata picha yake."

Mzee Burito huyo alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Kila alasiri alifundisha kwenye bwalo la Senta, wanafunzi sitini, wengi wao mabibi, na Wankyo mmojawapo. Ubao alikuwa nao. Chaki alikuwa nayo, ya kupimiwa. Daftari hazikuwepo, si pale tu, wilaya nzima. Watu waliandika kwa kidole mchangani, na kuku akipita anafuta somo.

Basi sasa sikilizeni kosa lilipozaliwa. Wankyo alikuwa anaosha lile kopo la njegere alilofungua, maji ya moto yakalimwagikia, na karatasi yake yenye picha ikateleza yote, nzima, kama ngozi ya kiazi kilichoiva. Akaigeuza. Upande wa ndani ulikuwa mweupe pe, hauna hata nukta.

"Mwalimu," akaita. "Njoo uone daftari."

Siku tatu walifanya kazi hiyo. Mabibi wa kisomo walileta karai, wakachemsha maji, wakazamisha makopo ishirini ishirini, wakazivua karatasi na kuzianika juu ya mawe kama wanavyoanika muhogo. Katoni nazo zikapasuliwa ziwe za kukalia, maana sakafu ya bwalo ilikuwa ya baridi na mabibi wana viuno. Jioni ya tatu darasa zima lilikuwa na karatasi, picha ya nanasi upande huu, upande wa pili PAMBA NI MALI kwa mwandiko wa kutetemeka. Wankyo aliandika jina lake kwa mara ya kwanza maishani nyuma ya njegere. Alilitazama muda mrefu. Halafu akaliandika tena, kubwa zaidi, ili asiseme alibahatisha.

Makopo yenyewe, yakiwa uchi na yanang'aa, aliyapanga stoo kwa mafungu: nanasi kule, njegere hapa, mengine pembeni. Kwake hayakuwa na tatizo, kwa sababu katika kuyaosha na kuyabeba alikuwa amekwishayajua kwa sauti. Mtu anayejua yai viza kwa kulitikisa, kopo litamshinda nini?

Felisian alikuwa Musoma siku hizo zote akifuatilia mafuta ya taa. Aliporudi akaingia stoo, akasimama.

"Mama Wankyo! Umeyasugua?"

"Tumeyaosha, Ndugu Mkuu."

"Safi kabisa! Yanang'aa! Huu ndio usafi ninaousemaga siku zote!" Na bila kuuliza neno lingine akavua koti, akaanza kuyapanga upya kwa mikono yake, mnara mkubwa wa makopo, mpana chini na juu limebaki moja, kama alivyoona kwenye duka la huko alikotoka. Nanasi likalala na njegere, njegere zikalala na bitiruti. Ukoo wote ukachanganyika. Wankyo alifungua mdomo aseme. Kisha akaufunga. Hajawahi kunieleza vizuri kwa nini aliufunga, na nimemuuliza mara nyingi. Nadhani hata yeye alikuwa binadamu.

Wiki ya wageni ikafika. Alhamisi, Felisian alishuka bondeni mwenyewe na vikapu, akavuna nyanya zote zilizoiva, mchicha wote mkubwa, na mapapai mawili ya mti wa pembeni.

"Utaona Jumamosi," alisema. "Zitatoka kama zilivyoingia."

Wankyo alimwuliza kwa upole, "Kule ng'ambo, kabla ya kugandisha, hawaipitishi kwanza kwenye maji ya moto? Hata sisi tukitaka kukausha kunde, majani tunayachovyaga kwanza. Yasipochovywa yanabaki na hasira."

"Mama, hii ni mashine. Mashine haina hasira."

Akaijaza friji mpaka mlango ukalalamika, akapandisha utambi wa moto hadi mwisho, akaenda kulala na moyo mweupe.

Jumamosi saa tatu asubuhi akaitoa mboga yake. Nyanya zilikuwa mawe. Aliziangusha mezani zikalia kama goroli. Akaziweka juani ziamke. Zikaamka, Mungu wangu, zikaamka zinalia. Maji yalizitoka huku na huku, ngozi ikakunjamana, zikakaa kwenye sinia kama wazee waliosikia habari ya msiba. Mchicha ukawa mweusi, unateleza, ukiunyanyua unabaki na kamasi. Mapapai ndiyo usiseme.

"Haidhuru," akasema Felisian, lakini jasho lilikuwa limeshaanza. "Makopo yapo. Njegere na nyama, na baadaye nanasi. Wageni wanakuja saa sita."

Akachukua kopo juu ya mnara, akafungua. Nanasi. Akafungua la pili. Nanasi. La tatu likarusha maji mekundu kwenye shati lake jeupe, bitiruti. Ndipo alipoligeuza kopo mkononi akitafuta picha, akaligeuza tena, akautazama mnara wake wote, makopo mia saba yanayofanana kama askari wa gwaride. Uso wake ulibadilika pole pole, kama mtu aliyevuka mto akakumbuka kwamba viatu kaviacha ng'ambo.

"Mama Wankyo," akaita, sauti ndogo. "Karatasi ziko wapi?"

Mzee Burito alikuwa mlangoni mwa jiko. Aliona vumbi la Landrova likipanda mbali, upande wa Bunda. Akamsogelea Wankyo, akamnong'oneza Kizanaki, "Nyamaza, mama. Mwache afungue mpaka jioni. Awape wageni mchicha wake ule wa kamasi. Plau itageukia nyumbani kwake."

Na hapo Wankyo akasimama, mikono kwenye kanga. Hapa ndipo ninapotaka mtazame, siyo kwenye makopo. Alijua Burito anasema kweli. Hakutakiwa kufanya kitu chochote. Alitakiwa tu asifanye. Angekaa kwenye kigoda chake achambue mchele, na bustani ingepona yenyewe. Aliutazama mlango wa bondeni. Akamtazama Felisian, kijana mzima amesimama na shati lenye madoa mekundu, midomo imekauka, hajui alishike kopo lipi.

Akasema, "Mwalimu, mgeni wangu hawezi kula ugomvi wangu." Akafunga kanga vizuri. "Ndugu Mkuu, sogea hapo. Nipe moja moja."

Kopo la kwanza akaliweka sikioni. Tiki, tiki. "Nanasi. Vipande vyake vinagonga." La pili. "Nanasi." La tatu likatoa sauti ndogo, sss, kama mvua inayoanza kwenye majani. "Njegere. Weka huku." La nne lilikuwa zito halisemi kitu. "Hiyo nyekundu yenu, rudisha." La tano kifuniko kilikuwa kimevimba kama shavu la mwenye jino, hata hakulitikisa. "Hili kachimbeni shimo."

Felisian alifungua moja kwa wasiwasi. Njegere. Akafungua lingine. Njegere. Alimtazama Wankyo kama yule mzee alivyoitazama friji.

"Osha mara mbili, zina chumvi," Wankyo akamwambia, na mkuu wa kituo akaosha.

Zile nyanya zinazolia hakuzitupa. Alizibonyeza, ngozi ikatoka bila kisu, akazitia zote kwenye sufuria ya nyama. "Hizi hazijafa," akasema. "Zimechoka. Za kachumbari haziwezi kuwa, lakini mchuzi zinaupenda." Mchicha akawapa kuku. Kisha akashuka bondeni, kikapu mkononi, dakika hazifiki kumi, akarudi na majani machanga ya kunde na ya maboga, umande bado unaning'inia kwenye ya kivulini. Yalikwenda kwenye chungu yakiwa bado hayajui kwamba yamechumwa. Maziwa kidogo, chumvi kidogo, kifuniko.

Wageni walikuwa watatu, lakini aliyekuwa na kauli ni mmoja: Benedikta, Bibi Maendeleo wa mkoa, mama mnene mwenye makao yake Kitaji, Musoma, na mkoba mkubwa uliobeba faili. Alikula bila kusema, na mtu mnene akila bila kusema, mpishi hutetemeka. Alipofika kwenye kunde akasimamisha mkono.

"Mpishi nani?"

Wankyo akasogea. "Ni mimi, mama."

"Hizi kunde mmezichuma lini?"

"Uliposhuka garini zilikuwa zinaingia chunguni."

Benedikta akatikisa kichwa. "Mimi sokoni Musoma nanunua mchicha uliolala siku mbili kwenye gunia, nao wanauita mbichi. Wakati mwingine naona heri kopo."

"Ni heri kopo kweli, mama," akasema Wankyo. "Mboga mbichi ya juzi ni mzee aliyejipaka mafuta. Anang'aa, lakini magoti hayapo."

Benedikta alicheka mpaka mkoba ukaanguka. "Enhe! Kwa hiyo wewe ukiachiwa uchague, unachagua ipi?"

"Naanza na iliyo karibu na sufuria. Kiangazi chemchemi ikipungua nina kunde nilizokausha, ziko kwenye kikapu pale juu ya moshi. Nayo makopo siyafukuzi, mama. Watu arobaini wakifika ghafla mvua imekata, nitamshukuru aliyeyaleta. Nayaosha tu kwanza." Akafikiri kidogo. "Hiyo ya barafu bado tunazoeana."

Felisian alikohoa. Benedikta akageuka akautazama mnara, uliokuwa umebaki nusu.

"Mbona makopo yenu hayana karatasi? Mnayajuaje?"

Burito akaangalia juu, anahesabu fito za paa.

"Kwa sauti, mama," akasema Wankyo. "Na karatasi nilizibandua mimi. Mkuu hakuwepo. Zimeenda shule."

"Zimeenda wapi?"

Wankyo akamwita Justina, bibi wa miaka sitini na kitu, mwanafunzi mwenzake. Justina akaja amebeba karatasi yake ya nanasi kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma kwa sauti ya kuamrisha jeshi: "PAM-BA. NI. MA-LI." Kisha, bila kuombwa, akasoma na jina lake. Kisha la mume wake. Alikuwa anataka kuendelea na ya watoto, na anao tisa, Burito akamshika bega.

Benedikta alikuwa amevua miwani anaifuta. Akaivaa. Akafungua faili, akatoa barua, akaisogeza mbali na macho.

"Ndugu Mkuu. Hapa uliniandikia kwamba bustani ya jikoni inafutwa, mahali pake pamba. Jumatatu. Ndivyo?"

Wankyo alikuwa ameshika sufuria tupu. Hakumtazama Felisian. Alitazama sakafu. Alikuwa amekwishafanya ya kwake, mengine hayakuwa mikononi mwake, na bado moyo ulikuwa unampiga mbavu kama anayebisha hodi.

Felisian alimtazama yeye. Akaliona doa kwenye shati lake. Akasema, pole pole mwanzoni, halafu kwa kasi, kama mtu anayeteremka mlima:

"Barua hiyo ni ya zamani, mama. Hatufuti. Tunapanua."

"Mnapanua?"

"Tunapanua. Jumatatu. Kwangu analeta plau."

"Vizuri sana," akasema Benedikta, na papo hapo akaandika, kwa wino. Na lililoandikwa na mkoa kwa wino, Felisian asingeweza kulikimbia tena hata angetaka. Sidhani alitaka.

Jumatatu saa moja Kwangu akaja na ng'ombe wake. Wankyo alikuwa amefika kabla yake, amekaa kwenye lile jiwe la kufulia, maana neno la mkubwa ni zuri lakini plau haijui kusikia. Felisian akaja nyuma na kamba na vijiti, suruali ameikunja mpaka magotini. Hakusema habari za Jumamosi. Alipigilia kijiti cha kwanza nje ya kunde za mwisho, hatua moja ya usalama, akanyoosha kamba kushuka kwenye matete, akauliza, "Hapa, mama? Au nisogee?"

"Sogea kidogo," akasema Wankyo. "Kidogo tena. Hapo."

Ng'ombe wakaingia upande wa matete. Udongo ukageuka mweusi, unafuka moshi wa baridi, vyura wakaruka pande zote wakitukana. Kunde za Butiama hazikuguswa hata jani. Wankyo akasimama, akakung'uta kanga, akaenda kuwasha moto, kwa sababu watu arobaini walikuwa wanasubiri uji.

Alikaa Senta miaka kumi na mitano. Alimfundisha Felisian kutikisa makopo, na Felisian hakuweza hata siku moja. Kila kopo kwake lilisema nanasi. Mwishowe wakayaandika majina kwa rangi nyekundu, mwandiko ni wa Wankyo. Na ile sehemu mpya ya bustani, jamani, ardhi haikuwahi kulimwa tangu dunia iumbwe! Mwaka uliofuata ilitoa kabichi moja ambayo Mara nzima haijaona mfano wake mpaka leo. Ilikatwa kwa shoka. Ilipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe wanne kwenda maonyesho ya Bunda, na njiani watu walisimama pembeni wakidhani ni nyumba inahamishwa, na mimi mwenyewe kwa mikono yangu niliipandisha kwenye mizani ya pamba, ikasoma kilo mia tatu na—

"Kilo nane, shemeji," akasema Wankyo kutoka mlangoni, alikokuwa amekaa akinisikiliza ninavyosoma kwa sauti. "Uliifunga nyuma ya baiskeli, ukaiangusha Mugeta, ikapasuka. Andika nane."